Injinia Alisema Haiwezi

Kila asubuhi kabla ya kengele, dawati la Injinia lilizungukwa na watu kama kaunta ya duka. Injinia si jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa jina hilo na wenzake wa darasa la saba, kwa sababu ni yeye peke yake aliyejua kuichunguza kompyuta na kusema kama ingeweza kuendesha mchezo fulani au la. Na tangu mchezo wa Mbio za Mawingu utoke, watu hawakuwa na swali jingine.

Ulikuwa mchezo wa marubani wanaoshindana kupita katikati ya dhoruba. Mvua yake ilionekana kama mvua kweli, na radi zake ziliwafanya watoto wainamishe vichwa. Lakini uzuri wote huo ulikuwa mzito, na kompyuta nyingi za zamani zilishindwa kuubeba.

"Ya kwetu je?" aliuliza mvulana mfupi waliyemwita Nukta, akinyoosha kipande cha karatasi alichoandikia habari za kompyuta ya dada yake.

Injinia aliisoma karatasi huku amekunja uso kama daktari. "Prosesa, ile inayofikiri, ni nzuri. Memori, ile inayokumbuka, inatosha. Kadi ya picha, ile inayochora, hakuna kitu hapa. Haiwezi."

"Haiwezi kabisa?"

"Labda muitumie kuzuia mlango."

Watu waliangua kicheko. Nukta aliondoka amenuna, lakini hakubisha. Injinia akisema haiwezi, basi haiwezi.

Jambo ambalo Injinia hakumwambia mtu ni kwamba kompyuta ya kwao, ambayo baba yake aliitumia kuandikia barua za ofisi, nayo haikuweza. Aliipima siku ya kwanza, akaipima tena, kana kwamba ingemwonea huruma ibadilike. Wenzake walidhani anaucheza mchezo kila jioni. Naye aliwaacha waendelee kudhani.

Siku hiyo wakati wa kutoka, jirani yake alimngoja langoni. Wenzao walimwita Twiga kwa urefu wake. Alikuwa golikipa wa timu ya wasichana, na mikono yake ilifika mahali ambapo mipira haikutegemea kukutwa.

"Injinia, leo ni lazima upitie kwetu," alisema Twiga, hawezi kutulia. "Mama mkubwa amepata kompyuta mpya kazini. Ile ya zamani amenipa mimi. Mimi!"

Mama mkubwa wa Twiga alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, na aliishi nao nyumba moja. Injinia aliposikia neno "ya zamani" alitulia moyoni. Alifuata huku akipiga mluzi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa sanduku jeusi lenye mikwaruzo, na ilipowashwa feni yake ilinguruma mpaka paka akatoka chumbani.

"Hii inataka kuruka yenyewe, haihitaji mchezo," Injinia alitania.

Twiga hakucheka. Alivuta kiti karibu. "Sikiliza. Unajua kaka yangu yuko mbali kikazi. Yeye anao mchezo huo, na amenitumia na mimi. Tunaweza kuruka pamoja, yeye huko na mimi hapa, tukiongea kama tumekaa wote. Sijakaa na kaka yangu tangu mwaka jana. Kama kompyuta hii inaweza, siiachi. Kama haiwezi, fundi wa pale kona amekubali kunipa spika, halafu yeye aifungue achukue vipuri. Wewe nipimie tu."

Injinia alifungua ukurasa unaoonyesha habari za kompyuta. Prosesa ilikuwa ya siku nyingi, lakini ilitosha. Memori ilitosha na kubaki. Aliposhuka kwenye kadi ya picha, macho yalimtoka pima. Mchoraji wa majumba hutumia kompyuta inayojua kuchora, na hii ilijua kuchora kweli. Ingeweza kuendesha Mbio za Mawingu bila ugomvi.

Hapo ndipo wivu ulipomkamata. Haukuwa wivu mdogo wa kutamani kalamu ya mwenzako. Twiga, ambaye asubuhi ile ile alikuwa hajui memori ni nini! Twiga ana urefu, ana goli lake, ana kaka anayempigia simu, na sasa apewe na hili? Wiki ijayo darasa zima litahamia kwenye chumba hiki, na dawati la Injinia litabaki na vumbi lake. Kwa nini yeye? alijiuliza. Mimi ndiye ninayejua. Ilitakiwa iwe mimi.

Mchezo ulikuwa na orodha mbili za mahitaji. Ya kwanza ilitaja mahitaji ya chini: kompyuta ikiyatimiza, mchezo unachezeka. Ya pili ilikuwa ya anasa, kwa wale wanaotaka kila tone la mvua lionekane. Twiga hakujua kwamba kuna orodha mbili. Injinia alifungua ile ya pili, akaanza kusoma kwa sauti, namba baada ya namba, akilinganisha na kompyuta. Kila namba aliyosoma ilikuwa ya kweli, na ndiyo maana uongo wake ulitoka laini namna ile.

"Unaona? Hapa imepungukiwa. Na hapa. Na hapa pia," alisema. "Haiwezi."

"Una hakika?"

"Umeniita nipime au tubishane?"

"Samahani," Twiga alisema upesi. "Wewe ndiye unayejua."

Injinia aliaga na kwenda nyumbani. Alitegemea kufurahi, lakini furaha haikuja. Chakula kilimshinda, na mama yake alipomgusa paji la uso kutafuta homa, alisema amechoka tu.

Kibaya zaidi, Twiga hakukasirika. Shuleni alimsifu mbele ya watu: "Bila Injinia ningehangaika bure." Na Jumamosi alimgongea mlango.

"Nisindikize kwa fundi, tafadhali. Mimi nitabeba sanduku, wewe kibodi."

Injinia angekataaje? Walitembea wakipumzika kila mara sanduku lilipomlemea Twiga. Mapumziko ya mwisho yalikuwa karibu na kona, na hapo simu ya Twiga ililia. Alikuwa kaka yake. Twiga aliiweka simu juu ya sanduku, sauti ikasikika kwa wote wawili.

"Kaka, imeshindikana," Twiga alisema, akijitahidi sauti isitetemeke. "Imepimwa, haiwezi."

"Haidhuru, mdogo wangu. Nikirudi tutacheza."

"Utarudi lini?"

"Bado sijajua. Usilie, wewe golikipa."

"Silii," alisema Twiga, huku machozi yakimtiririka.

Injinia alikodolea macho kibodi. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Fundi aliwapokea bila kuinua kichwa kutoka kwenye pasi aliyokuwa akiitengeneza. Karakana ilijaa nyaya, redio zilizofunuliwa matumbo, na harufu ya risasi ya kuungia nyaya iliyoyeyushwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wekeni hapo. Spika yako ile pale."

Alichukua bisibisi, akafungua ubavu wa sanduku, akatia mkono ndani. "Naam. Kadi hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Kuna mteja anaingoja." Akaanza kuilegeza.

"Ngoja, fundi!" Injinia alipiga kelele mpaka bisibisi ikadondoka. "Usiitoe. Inaweza. Kompyuta hii inaweza!"

Twiga aligeuka. Alimtazama Injinia, na usoni mwake hapakuwa na hasira, bali matumaini. "Ulikosea kupima?" aliuliza. "Si neno, mtu yeyote hukosea."

Hapo Injinia aliona mlango umefunguliwa wazi mbele yake. Ilitosha kusema ndiyo. Nilikosea, samahani, tucheke, turudi nyumbani. Hakuna ambaye angejua maisha yake yote. Alimeza mate. Kisha akapiga moyo konde.

"Sikukosea," alisema. "Nilijua inaweza. Nilikusomea orodha isiyo yenyewe makusudi. Niliona wivu. Ya kwetu haiwezi, haijawahi kuweza. Sijaucheza mchezo huo hata siku moja."

Matumaini yalitoweka usoni mwa Twiga.

"Sasa mnaniachia au mnachukua?" aliuliza fundi, akiokota bisibisi. "Maana mimi na michezo wapi na wapi, na nina pasi za watu hapa."

"Tunachukua," Twiga alisema. Alifunga ubavu wa sanduku mwenyewe, akalinyanyua, akaondoka. Injinia alimfuata nyuma na kibodi. Twiga hakupumzika hata mara moja.

Mama mkubwa alikuwa sebuleni akinoa penseli. Aliziona nyuso zao, akaiweka penseli chini. "Nani kafa?"

Injinia alimweleza yote, bila kujitetea. Mama mkubwa alisikiliza mpaka mwisho.

"Mtu akijenga nyumba," alisema, "huja kwangu hajui kusoma michoro. Naweza kumwambia ukuta huu unatosha, naye ataniamini, na watoto wake watalala chini ya neno langu. Huyu mwenzako hakukuuliza kwa sababu hana akili. Alikuuliza kwa sababu anakuamini. Umeelewa ulichochezea?"

"Nimeelewa, mama. Nisamehe, Twiga."

"Bado nimekasirika," alisema Twiga.

"Una haki ya kukasirika," alisema mama mkubwa. "Haya, ipimeni upya. Safari hii asome mwenye kompyuta."

Injinia alionyesha kwa kidole tu. Twiga alisoma orodha zote mbili kwa sauti, akauliza kila asichokielewa, mpaka akajua mwenyewe kwamba mahitaji ya chini yametimia yote. Walipakia mchezo. Jioni ilipoingia, sauti ya kaka ilijaa chumbani, akicheka kama mtu aliyekaa kiti cha pili.

"Washa injini, golikipa! Twende!"

Ndege ya Twiga iliruka, ikaingia kwenye dhoruba, kisha ikaanza kukwama. Ilisogea, ikasimama, ikasogea tena. Kaka alikuwa ameshatokomea mawinguni.

"Kumbe haiwezi kweli," Twiga alinong'ona.

Injinia alikuwa amesimama mlangoni. Alijua mara moja kinachoikwamisha: mchezo ulikuwa umejipangia kuchora vivuli vyote na matone yote, kwa kipimo cha anasa. Alijua pia kwamba chumbani hapana mwingine anayejua. Na wivu, ambao alidhani umeondoka, ulimgusa begani tena. Nyamaza. Hujasema uongo. Hujasema chochote.

"Punguza vivuli," alisema. Sauti ilitoka nzito. "Nenda kwenye mpangilio, kule kwenye picha. Vivuli, halafu mvua. Weka kiwango cha chini."

Twiga alifuata maelekezo. Matone ya mvua yaligeuka michirizi ya kawaida, mawingu yakafanana na magunia ya pamba, na ndege ikachomoka moja kwa moja.

"Nakuona!" kaka alipiga kelele. "Nakuona nyuma yangu!"

Twiga alicheka kwa sauti kubwa. Bila kugeuka, alisogea upande mmoja wa kiti, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja mwembamba.

Injinia alisita. Mama mkubwa, aliyekuwa akitazama nyuma yake, alimwinamia sikioni.

"Wivu umekwisha?"

Injinia alifikiri kidogo. "Haujakwisha, mama. Upo bado."

"Najua. Hata mimi hunijia nikiona nyumba nzuri aliyoichora mwingine. Kuona wivu hakukufanyi mwovu, mwanangu. Ila ukiulizwa jambo unalolijua, jibu wewe. Usiuachie wivu ukujibie." Akamsukuma taratibu. "Nenda ukakae. Umesogezewa kiti."