Upande Uliofutwa

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa kuchoma picha kwenye mbao kwa leza. Alinisimulia bila hata kukunja uso.

Mzee mmoja alimletea picha aliyopiga pamoja na marehemu mkewe. "Nitoe mimi, fundi. Abaki mama peke yake."

Fundi akamfuta mzee kwenye kompyuta, pakabaki peupe, akawasha mashine. Leza huchoma palipo peusi tu. Kwenye peupe hupita kimya. Lakini kila ilipofika upande uliofutwa, ilinong'ona.

Ilipomaliza, akainua kifuniko.

"Ametoka vizuri?" mzee akauliza kutoka kwenye benchi.

Upande wa mzee ulikuwa mtupu, haujaguswa. Ila mama hakuwa tena akitazama kamera. Alikuwa amegeukia pale peupe, mdomo wazi, kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno.