Mgongo wa Mkono

Simu ilitetemeka ndani ya mkoba Sindano akiwa anapanda ngazi za ukumbi.

"Shangazi kasahau sufuria jikoni," ilisema sauti ya Mkuu.

Maana yake, bomu limo ndani.

"Jiko lipi?"

"Hatujui. Tafuta. Na asitoke mtu mbio. Wakiona watu wanatimka, watalipua."

Simu ikakatika. Sindano hakuongeza mwendo. Mwenye haraka huonekana, na jasusi akishaonekana kazi imekwisha.

Ukimtazama ungesema mama wa kawaida tu: gauni la maua yaliyopauka, viatu vya kisigino kifupi, mkoba uliochubuka pembeni. Lakini mkobani mlikuwa na Beretta iliyoviringishwa kwenye leso, na kalamu nene ya fedha yenye kuua mawimbi ya simu na rimoti kwa muda mfupi. Hizo mali ya serikali. Kitu cha tatu kilikuwa bisibisi ya testa, ya kupimia umeme, yenye mpini wa manjano ulioliwa na meno.

Hiyo ilikuwa ya kaka yake.

Kaka alikuwa fundi wa laini za umeme. Alipanda nguzo umeme umekatika, na chini yake duka moja likawasha jenereta bila swichi ya kutenga, ile inayozuia umeme wa jenereta usirudi kwenye nguzo. Umeme ukapanda wayani, ukamkuta juu.

Tangu siku ile, sikio la kulia la Sindano lilikuwa la Mkuu na redio yake. La kushoto lilikuwa la marehemu.

*Umechelewa, mdogo wangu.*

Hakujibu. Alishazoea kutojibu.

Ukumbini palijaa hadi madirishani. Wananchi walikuwa wanatoa maoni juu ya muswada wa nishati jadidifu. Feni, taa na vipaza sauti vyote viliendeshwa na betri za sola zilizoletwa kwa maonyesho, na kamera zilikuwa tayari. Hapo ndipo wafanya magendo wa dizeli walipopigia hesabu: ukumbi ulipuke watu wakitazama, betri zilaumiwe, na muswada uzikwe pamoja na maiti. Nani angepitisha sheria ya jua, jua likishaua?

Muuza barafu alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Mvua ikinyesha wiki nzima, hiyo sola yenu itanigandishia barafu, au nitauza maji?"

Watu wakacheka. Fundi wa jenereta akainuka bila kuitwa.

"Mimi watoto wangu wanakula jenereta!"

"Ndiyo maana wanakohoa!" alijibiwa kutoka nyuma.

Ukumbi ukavunjika mbavu. Sindano alipitisha macho safu kwa safu: mikoba, miguu, chini ya viti. Kisha akamwona mwanamke mwenye kitambaa cheusi anangoja zamu yake mbele.

Wifi yake. Mjane wa kaka.

Alikuwa amemsihi abaki nyumbani. Lakini angemwambia nini? Wifi alijua Sindano anauza mapazia.

"Mkuu," alinong'onea kifungo cha gauni. "Wifi yangu yumo."

Redio ikakwaruza.

"Wamo wifi wa watu wengi."

*Mtoe,* sikio la kushoto likasema.

Miguu ilitaka kwenda. Akaizuia.

Ndipo akatazama mlango ulio kando ya jukwaa. Ulikuwa wazi. Ndani yake, kwenye ujia mwembamba, makabati ya betri yalikuwa yamepangwa, na fundi mmoja wa ovaroli mpya, bado ina mikunjo ya dukani, anapita kuyakagua. Alifika la mwisho, akalipiga kiganja. Paa! Kama mtu anayemsifu ng'ombe wake.

*Kwa mgongo wa mkono, mdogo wangu. Mgongo kwanza.*

Kaka alimfundisha hivyo tangu wadogo. Umeme ukikupata kiganjani, vidole vinafumba vyenyewe na hukiachii ulichokishika. Ukikupiga mgongoni mwa mkono, mkono unaruka. Fundi wa kweli hagusi bati geni kwa kiganja, hata kama anawahi mazishi.

Huyu si fundi.

Jamaa akachungulia safu ya mbele. Mgeni wa suti ya kijivu, aliyetambulishwa kama mwekezaji, akainamisha kichwa, kisha akaanza kukusanya vitu vyake.

"Suti ya kijivu inatoka," Sindano alisema. "Mpokeeni mlangoni. Kwa adabu."

Akaingia ujiani.

"Unatafuta choo, mama?"

"Natafuta fundi."

"Ndiye mimi."

"Si wewe."

Tabasamu likamkauka. Mkono ukazama mfukoni.

Sindano alibonyeza kalamu.

Jamaa akabonyeza rimoti. Akabonyeza tena.

Kimya.

Mkoba wenye Beretta ulimshukia shavuni. Akayumba, akachomoa kisu, kikamchana Sindano kiganja. Sindano akamtia goti, akamaliza kwa kisigino. Jamaa akalala.

Taa ya kalamu iligeuka nyekundu. Muda unakwisha.

Akafungua kabati la mwisho. Boksi jeusi, waya, kifuko cha baruti. Kwenye spika, sauti ya wifi ilikuwa inasikika, inatetemeka lakini haikatiki.

"Muswada wenu umetaja jua. Umetaja upepo. Umetaja kodi. Mume wangu yuko ukurasa gani?"

Sindano akagusa boksi kwa mgongo wa mkono. Salama. Akaingiza bisibisi.

"Jua lileteni. Lakini jenereta hazitaondoka kesho. Anayeunganisha chochote, jua au dizeli, aweke swichi ya kutenga. Na sheria iseme hivyo. Sina lingine."

Kiwashio kilichomoka. Kalamu ikazimika.

Hakikulipuka kitu, ila makofi.

Sindano alisubiri sauti ya kushoto. Haikuja.

"Kaka?"

"Rudia, Sindano," redio ikasema.

"Hamna. Sufuria imeepuliwa. Njooni mumchukue huyu."

"Suti tunayo."

Wifi alimkuta Sindano ngazini, kiganja kimefungwa leso.

"Ulikuwa wapi mimi naongea?"

"Nilisikia yote."

"Na hiyo damu?"

"Pini za mapazia, wifi. Hazina adabu."

Wakashuka pamoja taratibu, jua la mchana likiwapiga utosini. Getini, Sindano aligusa chuma kwa mgongo wa mkono kwanza, ndipo akasukuma.

Wifi alisimama.

"Marehemu alikuwa anafanya hivyo hivyo. Hata kwenye mlango wa chumbani."

"Najua," Sindano alisema, akamshikia geti apite.