Mapigo Ghalani

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani alipofunika mashine yake, akachukua hedifoni alizosahau mumewe mezani na kumpelekea. Mume alikuwa DJ. Jioni ile alipiga muziki katika ghala kuukuu, nyuma ya karakana za magari. Tangu mimba yao iharibike, waliishi kama wapangaji wawili: salamu, chakula, kila mtu na ukuta wake.

Mlangoni hakuzuiwa. Bawabu alisimama wima, macho kayafumba, kichwa kikitikisika.

Ndani kulinuka jasho na... dawa ya hospitali.

Ghala lilijaa watu wakicheza. Hakuna aliyecheka. Mabega yalipanda na kushuka kwa pamoja, kama ya mtu mmoja. Na ule mdundo! Wa haraka, kama unatoka chini ya maji.

Tup-tup. Tup-tup. Tup-tup.

Aliutambua. Aliwahi kuusikia mara moja tu, kliniki, amelala kitandani, mumewe akirekodi kwa simu huku akicheka kama mwehu.

Alipenya hadi jukwaani.

"Hayo ni mapigo ya mwanangu."

"Wetu," mume alinong'ona bila kugeuka.

"Umemfanya ngoma? Mimi nalia peke yangu, kumbe wewe unamchezesha?"

"Sikiliza, mke wangu. Nilirekodi kidogo tu, nikayaunga yajirudie. Sasa yanabadilika yenyewe. Wakicheza, anapata nguvu. Wakichoka..."

Tumboni mwa mkewe kitu kiligeuka.

Kisigino kidogo.

Kikasukuma.

Alijishika tumbo, machozi yakamtoka. Mbele yake binti mmoja alianguka. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu, nyayo zinavuja damu, na bado miguu ilicheza pale sakafuni. Naye alikuwa mtoto wa mtu.

"Usizime," mume alisihi. "Nakuomba... usizime."

Mke akaushika waya wa umeme kwa mikono miwili, akauchomoa.

Kimya.

Watu walianza kulia wakiomba maji. Tumbo lake likatulia tuli.

"Umemzika mara ya pili," mume alisema. Akachukua simu yake, akaondoka. Nyumbani hakurudi.

Daktari alimpima mwanamke yule, akasema hakuna kitu. Kuhusu maziwa yaliyolowanisha blauzi yake, alimwandikia vidonge vya kuyakausha.

Siku hizi wateja humwambia mumewe anajaza maghala ya mbali. Wanasema ndani ya muziki wake husikika mtoto anayejifunza kusema.

Anajua neno moja tu.

Baba.