Punje Moja, Pauni Kumi

Asubuhi ile Damaris Wickham alikuwa akipukuchua mahindi. Mumewe, Humphrey, aliokota punje moja, akaifuta na kuitia mfukoni.

"Punje moja utashiba, bwana?" Damaris alimtania.

"Si ya kula. Leo wanachagua mahakimu wa koloni, na kura ni punje ya mahindi. Nina shamba, nina mke, nina ndevu. Nami nakwenda kuchagua."

Akatoka akipiga mluzi.

Huo ulikuwa mwaka wao wa kwanza Massachusetts. Walihama Virginia kumfuata kaka yake Damaris.

Punde akaingia jirani, Mama Hepziba Tolman, mke wa konstebo. Alikuja na kigae kuomba moto, akachota makaa jikoni.

"Mzee yuko wapi?"

"Kaenda kupiga kura. Kabeba na punje yake."

Kigae kikamponyoka Mama Hepziba, makaa yakatawanyika sakafuni.

"Punje! Kwani ameshapokewa kanisani?"

"Bado. Nimepokewa mimi tu. Yeye kila siku ni Sabato ijayo, Sabato ijayo."

"Mungu apishe mbali! Mwanangu, mtafilisika!"

Damaris, aliyekwisha kushika ufagio kuyazoa makaa, aliduwaa. "Kwa kosa gani? Kule Virginia mwanamume husimama mbele za watu akamtaja anayemtaka. Basi."

"Kule ni kule. Gavana wenu huletwa na mfalme, nyinyi mnachagua wajumbe wa baraza tu. Hapa hata gavana tunamchagua wenyewe, kila mwaka. Lakini anayechagua ni mwanamume aliyepokewa kanisani na kula kiapo cha utii kwa koloni. Asiye hivyo akitia punje, faini ni pauni kumi!"

Pauni kumi! Damaris alipiga hesabu. Hata wakiuza ng'ombe wote wawili, wasingefika nusu. Alitupa ufagio akatimua mbio, maganda ya mahindi yakipukutika kwenye aproni.

Ndani ya nyumba ya mikutano wanaume walikuwa kwenye mstari. Humphrey alikuwa amefika mbele. Ngumi yake ilikuwa juu ya sanduku.

"Humphrey! Usitie!"

Vichwa vyote viligeuka. Mwanamke kupiga kelele mkutanoni! Mzee mmoja alibaki mdomo wazi. Konstebo Tolman akasogea.

"Mama, nyumba inaungua?"

"Itaungua akitia! Hajapokewa kanisani."

Konstebo akaukamata mkono wa Humphrey. "Fungua kiganja."

Punje ilikuwepo, imelowa jasho.

"Mshukuru Mungu, ndugu. Amekupa mke mwenye mbio."

Watu wakaangua kicheko. Humphrey alitoka amepauka kama chokaa. Njiani walikutana na Mama Hepziba akihema.

"Hebu niambieni," Humphrey alisema. "Damaris yumo kanisani, lakini ni mwanamke, hana kura. Mimi ni mwanamume, lakini niko nje ya kanisa, sina kura. Nyumba nzima bubu!"

"Kule koloni la Connecticut ukikubaliwa na watu wa mji, unachagua, hata kama hujapokewa kanisani," Mama Hepziba alisema. "Hamia huko."

"Nimechoka kuhama."

"Basi achana na Sabato ijayo."

Jioni hiyohiyo Humphrey alikwenda kwa mchungaji. Baada ya miezi mingi ya kufundishwa, alisimama mbele ya waumini. Akaeleza jinsi Mungu alivyougusa moyo wake. Damaris alilia kwa furaha. Wakampokea, kisha akala kiapo.

Uchaguzi ulipofika tena, Humphrey alirudi nyumbani akitabasamu.

"Ulimtilia hakimu Pruden punje?" Damaris aliuliza.

"Nilimtilia haragwe."

"Haragwe!" Damaris alishika kifua. Katika kura hiyo punje ya mahindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. "Umemkataa jirani yetu? Mtu awezaye kukutupa jela?"

"Anawachapa watumishi wake. Sikumtaka."

Mara hakimu Pruden mwenyewe akapita mbele ya uzio. Damaris alijificha nyuma ya mlango. Hakimu akavua kofia.

"Salaam, ndugu Wickham. Mahindi yenu yamestawi."

"Salaam, mheshimiwa. Na maharagwe pia."

Hakimu, asiyejua nani alitia nini sandukuni, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.