Ralanti ya Rosette

Nitawaambia lililotokea kwenye boti la Norbert, ila msitegemee nimwonee huruma. Nilikuwamo, pamoja na shemeji yangu Patrice, mume wa mdogo wangu, fundi wa injini mjini Baraka, kando ya ziwa.

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida. Ziwa limetulia, watu wanapakia magunia ya muhogo huku wakitaniana. Mimi nilikuwa naenda ng'ambo, Ubwari, kununua ndagala, wale dagaa wetu. Patrice alinitafutia nafasi nyuma, karibu na injini.

Boti la Norbert ni la mbao, lina tanga na lina injini ya dizeli. Upepo ukiwa mzuri wanatweka tanga, na injini wanaiacha ikiunguruma polepole bila kusukuma kitu, iwe tayari wakikaribia ufuko, kwa sababu pale bila injini mawimbi yanakugeuza ubavu. Huo muungurumo wa polepole mafundi wetu wanauita ralanti. Ukiiweka juu, inakula mafuta. Ukiishusha mno, injini inazimika wakati unapoihitaji.

Norbert alikuwa mkono wa birika. Masika iliyopita alimwamuru fundi wake wa zamani aishushe mno. Walipofika karibu na Ubwari wakateremsha tanga, injini ikakohoa, ikazimika, boti likapinduka. Watu walikufa. Mmoja wao ni Rosette, binti wa Mama Constance, jirani yangu kijijini Swima. Norbert aliogelea akafika nchi kavu, na kabla nguo hazijamkauka akawa ameshasema kwamba Rosette ndiye aliyeizima injini kwa uchawi. Watu wakaamini. Rosette akazikwa peke yake, mbali na wenzake. Na wiki ileile ya safari yetu vijana wa Swima wakamwambia Mama Constance awe ameondoka kabla ya Jumapili kwisha, la sivyo wataichoma nyumba naye akiwa ndani. Mama wa watu, amefiwa na mtoto, na bado anaitwa mzazi wa mchawi. Nilikuwa na hasira.

Boti lilivutwa nje ya maji, Patrice akaifungua injini na kuitengeneza upya. Hii ilikuwa safari ya kwanza ya boti tangu ajali.

"We Patrice," Norbert alisema, "ile ralanti iko juu sana. Shusha. Inakula mazuti bure."

"Patron, hata ile siku moteri ilizimika juu ya kushusha ralanti."

"Ilizimika juu ya mulozi. Shusha."

Mulozi, yaani mchawi: alimaanisha Rosette. Patrice alitii shingo upande. Alilegeza nati, akaizungusha skrubu ya ralanti kwa bisibisi. Muungurumo ukashuka, halafu ukapanda wenyewe. Akazungusha tena. Ukapanda tena. Aliendelea mpaka skrubu ikatoka nzima ikabaki kiganjani mwake, na injini bado inapiga vilevile, tu, tu, tu, bila kuyumba.

"Sasa nini njo inaishikilia?" alininong'oneza. Aliirudisha skrubu mahali pake.

Tuliondoka. Upepo ulitusukuma vizuri, na jua lilikuwa utosini tulipoanza kuona nyumba za Ubwari. Wakateremsha tanga. Abiria mmoja akauliza kama hapa ndipo boti lilipopinduka.

"Ni hapa," Norbert alijibu. "Hapa njo ule mwanamuke mulozi alinizimishia moteri."

Injini ikashuka.

Patrice aliuvuta mkono wa mafuta mpaka mwisho. Haikupanda. Tu. Kimya. Tu. Kimya kirefu zaidi. Boti likaanza kugeuka ubavu, wimbi likaingia, likanilowesha magoti. Na katika ule ukimya kati ya pigo na pigo, nikasikia mtu anavuta pumzi chini ya kifuniko cha injini. Pumzi ya mwanamke. Ya mtu aliyetoka majini.

Wote tulikuwa tumesikia.

"Patron," Patrice alinong'ona, "sema ukweli."

"Ukweli gani? Mi sijui kitu."

Tu. Kimya. Wimbi lingine. Gunia likaelea miguuni mwangu. Ile pumzi ikawa karibu zaidi.

"Ni miye," Norbert alisema.

Pigo likarudi. Moja. Lingine.

"Ni miye nilisema bashushe ralanti. Rosette hakukuwa mulozi. Niliogopa bantu batanifunga."

Injini ikashika, ikanguruma, boti likageuza pua yake kwenye mawimbi. Tulifika Ubwari tumelowa wote, hakuna anayemtazama mwenzake.

Jumapili ileile, baada ya ibada, tulimleta Norbert Swima, mbele ya wale vijana, arudie maneno yake ili Mama Constance abaki nyumbani kwake. Mama mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, na vitu vyake vimeshafungwa kwenye vitenge. Norbert aliona yuko nchi kavu, akaangalia huku na huku, akatabasamu.

"Kule ku maji nilikuwa na woga tu," alisema. "Rosette alikuwa mulozi. Na mama yake pia iko mu—"

Neno halikumalizika. Aliweka mkono kifuani, akakaa chini polepole. Patrice alipiga magoti, akamtegea sikio kifuani, kisha akajitoa haraka.

"Ni ile ile ralanti," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ile ile ya kwa boti."

Norbert alifungua kinywa, nadhani alitaka kukiri. Sauti haikutoka. Vijana walirudi nyuma mmoja mmoja, na hakuna aliyeusogelea tena mlango wa Mama Constance. Alifungua vitenge vyake siku hiyohiyo.

Norbert alipelekwa kwenye zahanati. Muuguzi alikuta hapumui. Mwili umepoa, macho yamekauka, mikono imekakamaa. Lakini kifua kilikuwa kinapiga, polepole, bila kuyumba. Ndugu zake walisubiri kikome. Hakikukoma. Walisubiri mpaka mwili ukaanza kunuka, na bado kilikuwa kinapiga. Mwishowe wakamzika hivyohivyo, na waliobeba jeneza walilisikia lile pigo mabegani mwao.

Walimjengea kaburi la saruji pale Baraka. Lile pigo likalipasua. Wakaziba, likapasuka tena palepale. Ndugu zake wakaja kumpigia magoti Mama Constance, amsamehe marehemu apumzike. Alikwenda nao, akaweka kiganja juu ya saruji mpaka akalihisi pigo. Kisha akasimama, akajifuta vumbi.

"Haiko miye njo alifanyia mubaya kwanza," alisema. "Mumuulize Rosette."

Ndugu zake wameondoka Baraka sasa. Kaburi liko palepale. Ukiweka kikombe cha maji juu yake, maji yanatetemeka, yanatulia, yanatetemeka. Kila nikienda Baraka napita pale, naweka kiganja changu. Nikihisi bado anapiga, naenda zangu sokoni nimeridhika.