Mgonga Madirisha wa Whitechapel

"Wanne wakitimia, gonga mara mbili. Usibanduke."

Hilo ndilo agizo alilopewa Amos Tredwell, jasusi wa serikali. Mtaani walimjua kwa mwanzi wake mrefu tu, wa kugongea madirisha ya watu wawahi kazini. Bastola ya Webley iliyokuwa kiunoni hawakuijua.

Watatu wa genge walishaingia ghorofani, nyumba ya mbele yake. Wa nne ndiye mwenye baruti ya kulipua kituo cha treni.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Hesta Pruett akapita na mwanamume mwenye sharubu nyekundu.

"Kaka mwanzi, bado unaamsha watu tu?"

"Hesta, kalale. Muuaji wa wanawake hajakamatwa."

"Nilale wapi, kwa malkia?" Akacheka, akaingia na yule bwana kwenye ua wa jirani.

Dakika tano.

"Niache! Ni—"

Amos akaruka hatua mbili kuelekea uani.

Kwenye kona akatokea wa nne, sanduku mkononi.

Amos akasimama. Mungu wangu, akasimama!

Mwenye sharubu akatoka uani peke yake, akijifuta vidole kwa leso. "Habari za asubuhi," akasema kwa adabu zote, akapotea. Wa nne naye akaingia ndani.

Amos akagonga dirisha walimojificha polisi. Mara mbili.

Filimbi! Polisi wakavunja mlango. Mmoja wa wale jamaa akachomoka na bastola. Amos akamtandika mwanzi wa shingo, akaanguka puu. Wote wanne wakatiwa pingu. Baruti haikulipuka hata chembe.

Ndipo akakimbilia uani. Hesta alikuwa ameshakufa.

"Nimemwona, mkuu," Amos alimwambia bosi wake saa nne asubuhi. "Uso kwa uso."

"Ukitoa ushahidi, magazeti yatakuchora. Na wenzao wa genge la Liverpool bado wapo, watakujua sura. Hukuona mtu."

"Ni mwanamke wa tatu huyu!"

"Hukuona mtu, Tredwell. Treni yako ya Liverpool ni saa tisa."

Alikwenda kuchukua nguo zake. Mlangoni alimkuta Nell, aliyekuwa akilala kitanda kimoja na Hesta, macho yamevimba.

"Kaka, wewe ulikuwa pale. Hukumwona?"

Alijiona mchafu kuliko yule muuaji.

"Sikumwona, dada."

"Basi kesho nitatembea karibu na wewe. Angalau nikikuona wewe, siogopi."

"Sawa," alisema Amos.

Akajitwika begi, akaelekea kituoni. Hakugeuka nyuma.