Mahari ya Dorika

Stendi ya Masasi ilijaa vumbi, wachuuzi na magunia ya korosho. Ulikuwa msimu wa kwanza wa wanunuzi binafsi. Silvano aliposhuka kwenye basi la Newala, soli ya kiatu chake ilibaki kwenye ngazi. Abiria wakacheka. Dorika, aliyetandaza viatu vya mitumba kwenye turubai, hakucheka. Alivaa gauni la kijani lililombana kiunoni, na kitambaa cheupe kichwani.

"Kaka, njoo huku kabla hujaacha na mguu," alimwambia.

Alimvalisha viatu kwa mikono yake. Akamwuliza analima nini huko juu Newala, kisha akazitazama nyayo zake na kusema hizo hazijawahi kuona jembe. Silvano akajibu kwamba anafanya kazi na matajiri wa korosho. Hakusema kazi gani.

Kazi yake ilikuwa kuua. Aliifanya na Fortunatus, rafiki aliyeingia naye jando. Walilala kibanda kimoja wakiuguza vidonda, na tangu hapo hawakuachana. Tajiri akitaja jina, wao humaliza.

Mapenzi yalishika haraka. Silvano akiwa Mtwara alipiga simu kwenye hoteli ya jirani na stendi, na Dorika akaacha wateja wake akakimbilia sauti yake. Mwenye hoteli alilalamika kwamba simu yake imegeuzwa chumba cha maharusi. Lakini Silvano alipotaja kuleta mshenga, Dorika alibadili mazungumzo. Akaanza kukataa simu. Silvano akaamini kuna mwanamume mwingine, akapanda basi na hasira zake.

"Sema tu kama umeolewa," alimwambia.

"Nitaolewa na nani, wakati sina wa kunioza?"

Dorika akamkalisha kwenye benchi la hoteli, akamwagizia chai, akamweleza. Kwao baba hupewa heshima, lakini neno la mwisho ni la mjomba, na mjomba wake Cuthbert aliuawa kijijini Makote, katikati ya mikorosho yake. Aliwakataza wakulima kuuza kwenye mizani ya tajiri mmoja, mizani iliyokuwa ikiwaibia. Hakuzaa. Watoto wa dada yake ndio waliokuwa wake.

Chai ilimpoa Silvano mkononi. Yule tajiri, mgeni wa sehemu hizi, alipowatuma yeye na Fortunatus aliwaambia mtu huyo hana mtoto, nani atamlilia? Wao wawili, wana wa Newala, waliolelewa na wajomba zao, walicheka na kuipokea kazi. Walijua vizuri nani angemlilia.

"Mama amesema anayenitaka alete jina la muuaji," Dorika alisema. "Hiyo ndiyo mahari yangu. Na mimi nimekubali, mpenzi wangu. Nisaidie."

Silvano alikwenda Tandahimba kwa Fortunatus, akamkuta uani akichuja uraka, pombe ya mabibo. Fortunatus aliposikia habari alicheka kwanza. Akasema shemeji ana bei kali. Kisha akaacha kucheka.

"Mwanamke anayetafuta hivyo atafika. Mwache, tuhame. Usipomwacha, nitamwendea mimi."

"Nampenda, Fortu."

"Najua. Ndiyo maana sikutumi wewe."

Akainama kummiminia rafiki yake kikombe. Silvano alimchoma kisu akiwa ameinama hivyo. Baadaye hakuweza kujiambia kama alimwokoa Dorika au alijinunulia mke.

Alirudi Masasi akataja jina la Fortunatus, akasema amekwisha kufa. Dorika alilia kifuani pake, akamwita mume wangu, akamshika mkono hadi kwa mama yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Na yule wa pili?"

Silvano akauliza wa pili yupi. Mama akaeleza, taratibu, kwamba wazee waliomwosha ndugu yake waliona mikono yote miwili ina michubuko ya kushikwa. Mmoja alichoma. Mwingine alishika.

Silvano alijua maiti wengi ambao wasingeweza kukanusha. Angetaja mmojawapo, na harusi ingekuwepo. Dorika aligeuka kumtazama, bado kamshika mkono.

"Mtaje, Silvano."

"Mimi ndiye niliyemshika."

Dorika aliutazama mkono ule alioushika, akauachia. Hakupiga kelele.

"Alisema nini mjomba?"

"Aliomba asiachwe mikoroshoni, aonekane mapema."

"Mkamwacha."

"Tulimwacha."

Mama alisimama mlangoni. Dorika akasema, "Nenda polisi kwa miguu yako. Nitakuja mahakamani. Nitawaambia nilikupenda, na nitawaambia ulichofanya. Chakula sitakuletea."

Silvano alitoka. Alikuwa amefika barabarani aliposikia nyuma yake Dorika akianza kilio, kile kirefu cha msibani, na hakujua kama ni cha mjomba au chake yeye.